Punje Nyeupe Kinywani mwa Mwanangu

Mama mkwe wangu alifika kwangu na kikapu cha samaki wakavu, na kabla hatujamaliza kusalimiana alinawa mikono, akakizungushia kidole chake kitambaa safi, akakitia kinywani mwa mwanangu. Mtoto alikuwa bado na kitovu. Mimi nilikuwa kitandani, nimeegemea ukuta, kichwa kimejaa fahari. Nilijiambia moyoni: mwangalie, mama, mwangalie vizuri, mimi mtu wa kuja nimewazalia dume.

Kwao, upande wa Mulongo, mtoto mchanga hapokewi hivi hivi. Bibi mzaa baba ndiye anayempangusa kinywa mara ya kwanza. Anapitisha kidole kwenye ufizi wa chini, anakipitisha kwenye ufizi wa juu, anatoa ute, kisha anamtemea mate kidogo kwenye paji la uso na kumtamkia baraka. Bila hilo mtoto hajafika bado, hata akilia mpaka jirani waamke. Ndiyo sababu yule mama alipanda mtumbwi mpaka Bukama, na pale Bukama akapanda gari la moshi mpaka Kamina, yeye aliyekuwa akiapa kwamba chuma hakitambeba akiwa hai.

Kidole kilipita chini. Kikapita juu. Kikasimama.

Alimpeleka mtoto mlangoni kwenye mwanga, akambana mashavu kwa vidole viwili, akachungulia. Kisha akarudi, akamlaza kwenye mkeka. Hakunirudishia mikononi, wala hakumtemea mate ya baraka. Alichukua kikapu chake akaenda uani kupanga samaki juani. Nilijua hapo hapo kwamba kuna jambo. Mtu hasafiri mbali hivyo halafu akamwacha mjukuu wake sakafuni.

Nikashuka kitandani na maumivu yangu ya uzazi, nikamfungua kinywa mimi mwenyewe. Kwenye ufizi wa juu, mbele kabisa, palikuwa na punje mbili nyeupe, ngumu kidogo, ndogo kama za mtama. Nyingine, ndogo zaidi, ilikuwa juu kwenye kaakaa.

Sitajifanya shujaa. Niliogopa. Mimi ni mtoto wa watu wa Kasai waliofuata reli mpaka Kamina. Baba yangu alikuwa karani, nilisoma kwa masista, kalamu naijua. Lakini hofu ile tunayo hata sisi, tena tumeinyonya kwa mama zetu. Mtoto anayetanguliza meno ya juu ni mtoto wa balaa. Husemwa kwamba kila jino lake likianguka linaondoka na mtu mmoja wa ukoo, na la kwanza linaondoka na baba. Na wangu mimi alikuwa amekuja nayo duniani, hakungoja hata kutambaa. Nilimtazama mwanangu nikasikia nataka kumficha, lakini sikujua nimfiche nani asimwone.

Mume wangu alikuwa mtu wa reli. Kazi yake ilikuwa kubadilisha njia pale stesheni, mahali ambapo reli ya kutoka Bukama inagawanyika. Alikuwa akivuta chuma kimoja kwa mkono, na mabehewa yote yanakwenda alikotaka yeye. Lakini katikati ya mama yake na mke wake hakuweza kubadilisha kitu. Alasiri ile, aliporudi kazini, alikaa kwenye kiti na kofia magotini, nasi tukamsemesha, huyu huku na yule kule.

Mama yake alieleza kwa upole, na upole wake ndio ulionitia hofu. Kulikuwa na njia, alisema. Meno yang'olewe sasa hivi, kabla kitovu hakijaanguka na kabla mtoto hajatolewa nje. Mtoto ambaye hajatolewa nje hajaonwa na mtu, na kisichoonwa hakikuwapo. Nyuma ya kambi yetu ya wafanyakazi wa reli, ng'ambo ya reli yenyewe, kwenye mashamba ya mihogo, alikaa mwanamke mmoja mzee aliyejulikana kwa kazi hiyo. Alikuwa na sindano ya kushonea magunia. Huipitisha motoni, akachimba, akasugua chumvi. Kazi fupi, mama mkwe alisema, hata maji ya bukari, ugali wetu, hayajachemka.

Mimi sindano ile niliijua. Mwaka uliotangulia mwanamke wa mstari wa nyumba nyuma yetu alipeleka kwake mtoto wake, msichana mnene, sauti kama filimbi. Alirudi naye kinywa kimevimba. Mtoto hakuweza kushika titi. Alijaribu, akaachia, akalia, akajaribu tena, na kila siku kilio kilipungua mpaka tukawa hatukisikii. Walipomzika watu walisema meno yalikataa kutoka, yakaondoka naye. Nani aliwaza kuuliza habari za sindano? Hakuna. Mimi pia sikuuliza, nilikuwa na mimba na niliogopa kila kitu.

Basi nikamwambia mama mkwe, na nilimwambia nikiwa nimesimama, jambo ambalo mke wa mtoto wake hapaswi kufanya:

"Mama, mwana wangu haendi kwenye ile sindano. Wala leo, wala kesho."

Alimgeukia mume wangu.

"Minyi niko na mutoto moja tu," alisema kwa Kiswahili chetu cha huku. "Njo weye. Uyu mutoto wako atakubeba."

Mume wangu aligeuza kofia yake magotini, akaigeuza tena. Mwishowe akasema tumpeleke kwanza dispanseri, amefunikwa asionwe, tusikie. Nilitamani kumpiga na ile kofia. Nilitaka aseme hapana, hapana nzima, ya mwanamume mwenye nyumba. Lakini nilichukua nilichopewa. Usipopata bukari unakula hata mihogo.

Pale dispanseri munganga, yaani muuguzi, alikuwa mmoja wetu, kijana wa koti jeupe, anayependa kusema Kifaransa hata na kuku. Alimfungua mtoto kinywa, akatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kuona yote, akasema ni utando wa maziwa, ugonjwa wa watoto wa kina mama wasionawa. Hilo la kutonawa nililiweka rohoni mpaka leo. Kisha akachovya pamba kwenye dawa ya bluu akampaka mwanangu kinywa kizima, ulimi, ufizi, midomo, mpaka kidevu.

Ee mama! Mtoto alirudi nyumbani anafanana na mtu aliyekunywa wino wa karani. Titi langu likawa bluu, kanga bluu, shuka bluu, hata shati la mume wangu lilipata alama begani, na wenzake kazini wakamtania kwamba mke wake anamuandika asije akapotea. Nilicheka. Nilikuwa sijacheka tangu mama mkwe afike. Lakini ulimi ulipoanza kutakata nikaangalia, na zile punje zilikuwa pale pale, nyeupe kuliko mwanzo, dawa imepita pembeni yake.

Mama mkwe naye aliangalia. Alisema hata dawa ya Wazungu imezikimbia, sasa nangojea nini.

Nilingojea daktari. Siku ya kilo, siku ile ya kupima watoto, Mzungu daktari alikuwa anapita kuwaona wale wenye shida. Kitovu kilikuwa kimeshaanguka, kwa hiyo nilimfunga mwanangu kwa mbele, kifuani, nikajipanga na wanawake wengine chini ya jua. Mama mkwe alinifuata mpaka kwenye mlango wa uzio. Hakuingia. Alisimama pale nje mikono nyuma muda wote.

Daktari alikuwa mfupi, mwekundu shingoni, na Kiswahili chake kilikuwa cha amri tupu. Hakunisalimu. Aliosha mikono, hilo nampa, akachukua mpini wa kijiko, akabonyeza zile punje taratibu, moja moja. Akaniita kwa kidole nisogee nione. Punje ilikuwa imekaa juu juu, chini ya ngozi nyembamba, haina mzizi, haikushika mfupa. Jino haliwi hivyo.

"Hapana meno," alisema.

Kwa maneno yake machache, na mtafsiri mmoja aliyekuwa amechoka, nilielewa kwamba mtoto akiwa tumboni, ufizi wake unapojifunga, ngozi kidogo inaweza kubaki ndani, inajikusanya, inakuwa kijipu kidogo cheupe kisicho na usaha wala maumivu. Watoto wengi wanazaliwa nacho, weupe kwa weusi. Kinapasuka chenyewe mtoto akinyonya, au kinaisha polepole, na wiki chache baadaye hukioni tena. Kosa ni kukitoboa. Ukitoboa unafungua mlango wa ugonjwa.

Nikamuuliza, dawa?

"Hapana dawa. Acha."

Nikauliza tena, labda hakunisikia. Alikuwa ameshamshika mtoto wa mwenzangu.

Sasa nawauliza ninyi mnaosoma: mtu anatokaje kwa daktari mikono mitupu? Niseme kweli, nilimkasirikia. Angenipa hata chupa ya maji yenye karatasi. Angenipa kitu cha kuweka mezani mbele ya yule mama. Watu wetu wanaheshimu sindano, wanaheshimu kidonge kichungu, wanaheshimu hata ile bluu, kwa sababu wanaona kazi imefanyika. "Acha" si dawa. Ukiwaambia watu waache, wanasikia wameachwa.

Na ndivyo ilivyosikika. Nilimweleza mama mkwe pale pale kwenye uzio. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, kama si kitu mbona yule Mzungu aliangalia sana? Tulirudi nyumbani bila kuongozana, yeye mbele, mimi nyuma.

Kufika jioni kambi nzima ilijua. Lisemwalo lipo, wanasema, na kama halipo laja. Nyumba zetu zilikuwa za matofali, zote sawa, zimepangwa kama mabehewa, na neno likiingia ya kwanza linatokea ya mwisho bila kupiga hodi. Pale kwenye bomba wanawake walinipisha, na kupishwa kwenye bomba, wewe uliyezoea kusukumana, si heshima. Mmoja aliyekuwa akiniachia mtoto wake nimwangalie akaacha kumleta. Mwingine, mwenye mdomo kuliko wote, alisema mbele yangu kwamba Mzungu hana hasara, akifa mtu wa reli wataandika mwingine.

Hilo la Mzungu sikulipinga. Ni kweli hakuwa na hasara. Na nataka lieleweke vizuri, kwa sababu baadaye watu walinisifu kwamba nilimtii daktari. Aka! Sikumtii mtu. Nilimwangalia mwanangu. Alinyonya kwa nguvu mpaka nikauma meno, akashiba, akalala jasho puani. Nilimbonyeza ufizi kwa kidole changu, palepale kwenye punje, akanitazama tu, kisha akaanza kukinyonya kidole. Mtoto mwenye kidonda hafanyi hivyo. Yule wa mstari wa nyuma nilimwona, najua kidonda cha kinywa kinavyofanya mtoto. Daktari alisema aliyosema, lakini aliyenihakikishia ni mwenye kinywa mwenyewe.

Kwa hiyo matibabu ya mwanangu yalikuwa haya: kuzuia mikono ya watu. Msifikiri ni kazi rahisi. Nilimbeba kwenda bombani, nilimbeba kwenda chooni, nilitwanga mihogo naye kifuani, na ukitwanga na mtoto kifuani unatwanga vibaya, unga unabaki na chenga. Nililala naye upande wa ukuta. Majirani wakaanza kuniita Mama Kifua. Niliitika. Jina la kejeli ukiliitikia linakufa mapema.

Mama mkwe alikaa nami muda wote huo. Hili ndilo watu wasilolielewa nikilisimulia. Tulikuwa katika vita, lakini asubuhi alinipikia uji, mchana alinipondea sombe, majani ya mihogo, na karanga ili maziwa yaje, samaki wake wote wa Mulongo niliwamaliza mimi. Aliniambia nile vichwa, kwenye vichwa ndiko kuna maziwa. Alikuwa anamlisha mjukuu wake kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anatafuta nafasi ya kumpeleka kwenye sindano, na yote mawili aliyafanya kwa moyo mmoja, wa kumwokoa mtoto wake. Nilimwelewa. Kumwelewa hakukunipunguzia hasira hata kidogo.

Aliipata nafasi siku nilipokwenda kuoga. Ilikuwa asubuhi, jua limepanda. Mtoto alikuwa amelala, na mlango wa bafu letu la mabati ulikuwa unatazama nyumba, nikaona si kitu, ni makopo mawili ya maji tu. Nilipotoka mkeka ulikuwa mtupu.

Sikupiga kelele. Nilifunga kanga na povu mwilini, nikakimbia. Wanawake wa bombani waliniona nikipita na hakuna aliyeniuliza naenda wapi, maana walijua. Njia ya kwenda kwa yule mzee wa sindano ilikuwa moja tu, inapita kati ya nyumba za mwisho, inakata reli, inaingia kwenye mihogo. Nilikuwa nimezaa juzi tu, tumbo linanivuta chini, na nilikimbia vile nisivyokimbia nikiwa msichana.

Pale penye kukata reli niliwakuta. Mabehewa ya mizigo yalikuwa yamesimama katikati ya njia, mengi, huku na huku huoni mwisho. Mama mkwe alikuwa amesimama mbele yake na mtoto mgongoni, anangoja yaondoke. Aliogopa chuma, nilisema. Kupita chini ya behewa hakuthubutu.

Nilisimama karibu naye nikihema. Alinitazama bila kushtuka.

"Nipe mwana wangu, mama."

"Utaniuwia mutoto," alisema. Machozi yalikuwa yanamshuka, na hakuyafuta. "Weye utazaa bengine. Minyi sitazaa tena."

"Kama iko muntu wa kufa, nikufe minyi," nikamwambia. "Leta."

Nilifungua mwenyewe fundo la kitambaa kifuani pake. Hakunizuia. Mtoto alikuwa amelala wakati wote huo, mvivu yule, hana habari na dunia. Nilimfunga kwa mbele, nikageuka. Na hapo nikamwona mume wangu, mbali kidogo, kule kwenye chuma chake cha kubadilishia njia, mkono juu ya chuma, anatutazama. Msimamizi wake alikuwa anamfokea, anarusha mikono. Yeye hakugeuza hata shingo. Alingoja mpaka nimeingia kwenye nyumba za kambi, ndipo mabehewa yakaanza kutembea.

Mchana alikuja kula amekunja uso, amekaripiwa mbele ya wenzake. Nilimuuliza mabehewa yale yalikuwa na nini. Alisema hakuna, njia ilikuwa imefungwa. Nikampa kipande kikubwa cha samaki. Sikumsemesha zaidi, maana mwanamume akitenda jambo lake jema la kwanza usimsifu sana, ataona limetosha.

Baada ya siku ile mama mkwe hakujaribu tena. Aliendelea kupika, aliendelea kufagia, alimfulia mtoto nepi, lakini hakumpakata. Kila mume wangu alipochelewa kazini alikaa mlangoni mikono mashavuni mpaka amwone anatokea. Kikohozi kidogo tu cha mume wangu, ananitazama mimi. Nilikuwa navumilia macho yale. Nilijiambia: tazama, mama, macho hayatoboi ufizi.

Nilizichungulia zile punje kila nilipomnyonyesha. Muda ulipita nikaona hazibadiliki, nikaanza kusema na Mungu kwa sauti isiyo ya sala. Kisha asubuhi moja, mtoto akipiga miayo mlangoni, nikaona moja imelala, imekuwa bapa, kama imemwaga kilichokuwa ndani. Ya pili ikaifuata. Ile ya kwenye kaakaa ndiyo iliyochelewa, lakini nayo siku moja niliitafuta kwa jicho na kwa kidole nisiione. Hakuna damu, hakuna kovu, hakuna shimo. Ufizi wa mwanangu ulikuwa laini, mwekundu, mzima.

Nilikuwa nimejitayarisha kwa siku hiyo. Nilikuwa na maneno ya kumwambia mama mkwe, makali, nimeyanoa kila siku nikitwanga. Nilitoka uani. Alikuwa anachambua mchele, ungo magotini. Nikauondoa ule ungo, nikamweka mtoto mahali pake.

"Tafuta," nikasema.

Alinitazama, akanitazama tena. Akainuka kunawa, akarudi, akakizungushia kidole kitambaa. Alipita chini. Alipita juu. Alirudia juu. Alikwenda nyuma, kwenye mashavu, kwenye kaakaa, akarudi mbele tena, polepole, kama mtu aliyeangusha kitu gizani anapapasa. Mtoto alidhani ni mchezo, akawa anambana kidole kwa fizi zake. Nami nilisimama mikono kiunoni, maneno yangu yote mdomoni, nangoja aseme neno moja tu nimmwagie.

Alitoa kidole. Hakuniangalia mimi, alimwangalia mtoto.

"Na wa minyi?" alisema.

Nikamuuliza wake yupi.

Aliniambia pale pale uani, kwa sauti ile ile ya kuchambua mchele. Kabla ya mume wangu alizaa msichana. Mama mkwe wake yeye alipitisha kidole, kikasimama. Zilikuwa mbili, juu, mbele, nyeupe hivi hivi. Yeye mwenyewe ndiye aliyemshika kichwa wakati wanachimba, kwa sababu mtoto alikuwa anatulia mikononi mwake tu. Hakunyonya tena. Na mtoto wa meno ya juu haliliwi, ndivyo walivyomwambia, akililiwa atawasikia na kurudi kwa wengine. Wakamzika kwenye tope, ukingoni mwa maji, na yeye wakamwambia arudi nyumbani bila kugeuka nyuma, akapike.

"Nilipika samaki," alisema.

Kisha akasema kwamba miaka yote hiyo alijua mtoto yule alikuwa mubaya, na kwa kumtoa aliokoa aliyekuja nyuma. Hilo ndilo lililomfanya aweze kulala. Na sasa kama zile zinatoka zenyewe, kama zinaisha hivi hivi mtoto akinyonya tu... Hakumaliza. Alikuwa bado ameshika kile kidole kwa mkono mwingine.

Maneno yangu makali yaliniishia mdomoni. Lakini hasira haikuisha, ilipata tu mahali pake pa haki. Haikuwa ya kumrukia yule mwanamke. Ilikuwa ya kuwarukia waliomwambia apike.

Nikavua kitambaa cha kichwa. Nikakaa chini, kwenye vumbi, miguu nimeinyoosha kama wanavyokaa wenye msiba, nikalia. Sikulia kwa adabu. Nililia mawe! mawe! kilio cha kwetu cha msiba, mchana kweupe, jua la utosi, kambi nzima isikie. Mama mkwe alishtuka, akaniziba mdomo kwa kiganja.

"Nyamaza. Banakataza."

Nikautoa mkono wake.

"Banani banakataza, mama? Balishakufa bote. Minyi sikukatazwa na muntu."

Nikaendelea. Wanawake wakaja mbio kutoka bombani, ndoo wameziacha zinafurika, wanadhani mtoto wa meno ya juu amekufa, wengine naona walikuja na "tulisema" yao tayari. Wakamkuta mzima, amekaa kwenye mapaja ya bibi yake, anajinyonya ngumi. Yule mwenye mdomo akauliza basi aliyekufa ni nani. Nikamwambia ni mtoto wa kwanza wa nyumba hii. Amekufa lini? Zamani. Kwa ugonjwa gani?

"Sindano," nikasema, nikimtazama usoni.

Kisha mmoja akavua kitambaa chake, akakaa. Mwingine akakaa. Kilio cha wanawake hakingojei maelezo. Na mama mkwe wangu, aliyekuwa amekaa wima akitutazama kama watu waliopagawa, akafungua mdomo wake na sauti haikutoka, akaufungua tena, na ilipotoka ilitoka na jina. Alimwita mtoto wake kwa jina. Alikuwa amempa jina, kumbe, na hakuwahi kumwambia mtu.

Mume wangu aliitwa kazini. Alifika anakimbia, kofia mkononi, uso umekuwa wa majivu, maana njia nzima alikuwa ameambiwa kuna kilio kwake. Alimtafuta mwanae kwa macho, akamwona, nami nikamwinua juu ili amwone vizuri kwamba anacheza miguu. Akasimama pale katikati ya wanawake haelewi. Akamuuliza mama yake ni nani tunayemlilia.

"Dada yako," mama yake akamwambia. "Mukubwa yako."

Alikuwa mtu mzima, baba wa mtoto, na hakuwa amewahi kusikia kwamba ana dada. Akakaa chini karibu na mama yake, na hakurudi kazini siku ile.